Alama, picha ndogo au usajili: njia ipi imfae mchoraji wa Zanzibar?

Karafuu ina meno manne. Chukua punje moja jikoni uitazame: kile kichwa cha mviringo kimezungukwa na ncha nne, na hata kichwa kikidondoka ncha hubaki. Niliwahi kuchora shada la karafuu kwa ajili ya foronya za mito ya kochi, punje 11 zimeinama upande mmoja kama zinazopepewa, na punje moja nikaipa meno matano kwa kupitiwa. Nilipoligundua kosa nilikuwa nimeshampelekea mpiga chapa faili lenyewe kwa WhatsApp. Nikarekebisha, nikampelekea jipya, na picha niliyoiweka Instagram baada ya wiki mbili ilikuwa na karafuu za meno manne, zote 11.

Mwaka haukwisha. Katika duka moja la Mji Mkongwe nikakutana na foronya nisizozichapa mimi. Rangi zilikuwa nyengine, kitambaa kizito kuliko changu, lakini shada ni lile lile na mainamo ni yale yale. Nikaitafuta ile punje. Ilikuwa na meno matano.

Basi mchoro haukutokea Instagram. Miaka miwili nilihangaika kuandika jina langu juu ya kila picha ninayoipandisha, na mchoro ukatokea mlango mwengine ambao sikuwahi hata kuufikiria kuwa ni mlango. Tangu siku hiyo, mwenzangu akiniuliza njia ipi ya kulinda kazi ni bora, humrudishia swali: unamwogopa nani hasa?

Kwa sababu wezi ni watatu, na hawafanani. Wa kwanza anataka picha. Anaichukua kama ilivyo, anaiweka kwenye ukurasa wake, anaandika "inapatikana, njoo inboksi", na pengine hana hata bidhaa. Wa pili anataka mchoro. Huyu hana haja na picha nzuri, anahitaji mistari tu. Ataikalia usiku mmoja, ataichora upya, na asubuhi iko kwa fundi wa kuchapa. Wa tatu anataka mkono wako, ile namna unayokunja jani au unavyopanga rangi, ili atengeneze kazi mpya zinazofanana na zako, kwa mkono wake au kwa akili mnemba. Ukichanganya hawa watatu utatumia nguvu nyingi pasipohitajika na uache wazi panapovuja.

Jina juu ya picha, au picha ndogo?

Hizi ndizo njia mbili ambazo kila mmoja wetu huanza nazo, kwa kuwa hazina gharama.

Jina juu ya picha humpunguza kasi mwizi wa kwanza, kwa kiasi. Ukiliandika pembeni atalikata. Ukiliandika katikati, simu nyingi za sasa zina kifutio cha kuondoa kitu kwenye picha, na mchoro wa rangi bapa, zisizo na vivuli, hufutika vizuri zaidi kuliko picha ya mandhari. Tena jina kubwa katikati linakuharibia wewe mwenyewe: mteja wa hina anataka kuona mstari unapoanzia na unapokatikia, mteja wa uchoraji anataka kuona mswaki ulivyopita. Humpi mteja nafasi ya kuipenda kazi, kisha unashangaa hanunui.

Hapa nadhani wauza kanga walitutangulia zamani. Nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, inayofanya biashara hiyo tangu 1887, ilichapa kwenye kanga zake maneno "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Alama hiyo haikubandikwa juu ya nguo, ilikuwa sehemu ya nguo. Mwanamke aliyeijua aliitafuta kabla ya kutoa pesa, na mtu wa kuiga alilazimika ama aichape naye aonekane mwongo, ama aiache na nguo ionekane ina pengo. Mimi nimeifuata njia hiyo. Herufi za jina langu zimo ndani ya pambo lenyewe: kwenye mshipa wa jani, kwenye kona ya pindo, kwenye tanga la jahazi. Anayetaka kuziondoa itabidi achore upya, na anayechora upya ameshaacha kuwa mwizi wa kwanza, amekuwa wa pili, ambaye ana dawa yake.

Picha ndogo ni habari nyengine. Instagram kwa muda mrefu imekuwa ikihifadhi picha kwa upana usiozidi pikseli 1080. Mpiga chapa wa karatasi hutaka nukta 300 kwa kila inchi ili kazi itoke safi. Gawanya, utapata inchi 3.6, yaani kama sentimita 9. Kwa mchoraji wa rangi za mafuta au mpiga picha hii ni kinga ya kweli. Mtu hawezi kuchukua picha ya machweo ya Nungwi ya pikseli 1080 akatengeneza bango la ukutani bila kila mtu kuona ukungu wake. Kama ndiyo kazi yako, punguza picha wewe mwenyewe kabla ya kuipandisha, usisubiri mtandao ukupunguzie, na faili kubwa lisitoke kwenye kompyuta yako mpaka mteja amalize kulipa.

Kwa mbunifu wa kanga, foronya au kofia, picha ndogo haikulindi hata kidogo. Kanga ina rangi mbili tatu, zote bapa, na kingo zake ziko wazi. Programu ya kubadilisha picha kuwa mistari huufuatisha mchoro kama huo kwa dakika chache, kisha ukubwa hauna maana tena: unavutwa mpaka upana wa nguo, sentimita 150, na hauchafuki. Na pambo la mji, ule uwanja wa katikati ya kanga, mara nyingi hujirudia, au nusu moja ni kioo cha nusu ya pili, kwa hiyo mwizi akipata robo tu amepata nguo nzima.

Kinachofaa kwetu ni namna ya kuipiga picha. Usiitandaze kanga sakafuni ukaipiga kutoka juu. Ivalishwe. Mikunjo inakata mfuatano wa mji, pindo linaonekana nusu, jina, yale maneno ya kanga, linasomeka maneno mawili na yaliyobaki yameingia kwapani. Mteja anaona rangi, anaona inavyokaa mwilini, na kwa kweli hivyo ndivyo anavyotaka kuiona. Kofia ya kutarizi nayo ipigwe kwa ubavu ikiwa kichwani, maana ukiipiga bapa vitobo vyote vinahesabika kimoja kimoja.

Kuna wanaoandika jina lao ndani ya taarifa za faili, zile zisizoonekana. Fanya, hazigharimu kitu, ila WhatsApp huzifuta ukituma picha kwa njia ya kawaida. Na kuna Glaze, programu ya bure ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago iliyotoka 2023, inayotia mabadiliko madogo kwenye picha ili akili mnemba ishindwe kuuiga mtindo wako. Hiyo ni dawa ya mwizi wa tatu. Mchoraji wa turubai mwenye mkono unaotambulika naona aijaribu. Sisi wa rangi bapa itatusumbua: watengenezaji wenyewe wanasema mabadiliko yake huonekana zaidi kwenye rangi bapa na mandhari laini, na pia hawaahidi kwamba itadumu milele.

Kuonyesha kazi inavyozaliwa, au kuificha mpaka iishe?

Hili ndilo ninalolipa uzito kuliko yote, kwa sababu linagusa namna tunavyofanya kazi, na kwa sababu kinga nyengine zote zinaegemea hapa.

Kazi yangu huanza kwenye daftari la skuli, la mistari, kwa penseli. Ukurasa mmoja unaweza kuwa na majani ya mkarafuu ishirini, na kumi na tisa hayafai. Kisha karatasi ya kufuatishia, kisha ninapiga picha, kisha naingia ibisPaint, programu ya kuchorea, kwenye tableti na kuanza kujenga leya, yaani tabaka za mchoro: mistari, rangi ya kwanza, rangi ya pili. Rangi hunichukua siku nyingi kuliko mistari. Baadaye jaribio kwenye kipande cha kitambaa, ambapo rangi niliyoiona ya manjano kwenye kioo hugeuka kuwa ya haradali. Narudi nyuma. Kama ni kanga, jina huja mwisho, na jina zuri limewahi kunifanya nibadilishe pindo zima.

Njia hii yote inapendeza mno kutazamwa. Video ya mkono unachora hupata watu kuliko picha ya bidhaa, na mteja aliyeiona foronya ikizaliwa habishani sana bei. Hiyo ndiyo faida ya kuonyesha. Tena kila unachokiweka hadharani kinabeba tarehe ambayo hukuiandika wewe, na tarehe ni shahidi.

Hasara yake ni muda. Sisi wadogo tunachapa vipande thelathini, tunauza, tunanunua kitambaa, tunachapa tena. Mwenye mtaji anachapa mia tano kwa mkupuo. Ukionyesha rasimu mwezi wa Rajabu, yeye anaweza kuwa na mzigo dukani Shaabani, na Ramadhani ikiingia watu wanabadilisha mapazia na foronya kwa ajili ya Iddi, wewe bado unasubiri skrini, ile fremu ya kuchapia, ya rangi ya pili. Mteja ataona yako baadaye na atadhani wewe ndiye uliyeiga. Hilo linauma kuliko hasara ya pesa.

Kuificha kabisa nako kuna bei. Hupati wateja wa kukusubiri, na siku ya ugomvi huna kitu cha hadharani kinachoonyesha ulianza lini.

Chaguo langu limekuwa kurekodi kila kitu na kuonyesha kwa kuchelewa. Video ya shada naitoa siku foronya ziko mezani zinauzwa, hata kama niliirekodi miezi mitatu nyuma. Kwa anayenunua hakuna tofauti, inampendeza vile vile. Kwa mwizi wa pili tofauti ni kubwa: anapoiona rasimu, mimi nimeshauza mkupuo wa kwanza na watu wanajua ni ya nani.

Na kurekodi ni nini? Ukurasa wa daftari upigwe picha siku ile ile. Faili lenye leya lihifadhiwe kama lilivyo, usibakize picha ya mwisho peke yake. ibisPaint na Procreate hukumbuka hatua zako za kuchora na kuzicheza tena kama filamu. Usiifute filamu hiyo kwa ajili ya kupata nafasi. Weka nakala sehemu mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Mimi hujitumia na barua pepe yenye rasimu, kwa sababu tarehe yake huwekwa na mtoa huduma. Barua pepe peke yake haina nguvu ya ajabu, kama ile bahasha ambayo watu hujipostia wakidhani imekuwa cheti. Nguvu iko kwenye mfululizo. Na tafadhali usitupe zilizoharibika! Yale majani kumi na tisa yasiyofaa ndiyo ushahidi mzuri kuliko wote. Mwizi ana mchoro uliokamilika tu. Hana makosa yaliyoufikisha hapo, na kuyabuni makosa ishirini yanayofuatana kwa mantiki ni kazi ngumu kuliko kuchora.

Kwa msanii wa hina na piko ushauri huu unageuka juu chini. Pambo lake linaishi wiki moja mbili kisha linafutika, hakuna mzigo wa kuuza, na video ya mkono ndiyo tangazo na ndiyo bidhaa. Kuficha hakumsaidii. Aonyeshe siku ile ile, aonyeshe sana, na anachopaswa kukilinda ni jina lake, watu waseme "nataka kama za fulani". Kwake naongeza jambo moja tu: mikono ile ni ya mtu. Muombe bibi harusi ruhusa kabla, na akikataa ikubali kwa moyo mmoja. Mwenye kudai haki ya mchoro wake hawezi kudharau haki ya mwenye mkono.

COSOZA au BPRA?

Watu wengi hapa kwetu wanadhani kazi isiyosajiliwa haina mwenyewe. Sivyo. Hakimiliki inazaliwa pale unapoichora. Tanzania iko kwenye Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na mkataba huo unakataza kuifanya haki ya msanii itegemee kuandikishwa. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki, Namba 14 ya 2003, na chombo chake ni COSOZA; Bara wana sheria yao, Namba 7 ya 1999, na wana COSOTA.

Kwa nini basi uende COSOZA? Kwa ushahidi, na kwa kuwa na mahali pa kupeleka malalamiko ambapo unajulikana. Mchoraji wa turubai, mpiga picha, mchora vitabu vya watoto, mlango wenu ni huo.

BPRA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, ni mlango mwengine na unalinda kitu chengine. Chini ya sheria ya mali za viwandani ya Zanzibar, Namba 4 ya 2008, unaweza kusajili pambo au umbo la bidhaa, na pia alama ya biashara. Hapa haki inatokana na usajili wenyewe. Usajili wa pambo unadai liwe jipya, na kulitangaza mapema kunaweza kukuharibia upya huo. Kwa hiyo ukiwa na mchoro unaotaka kuutumia miaka mingi kwenye vitambaa vingi, kaulize BPRA kabla hujauweka mtandaoni, usingoje mpaka umeibiwa.

Mimi sisajili kila pambo. Natoa mapambo mapya kila msimu, mengine hayaishi miezi sita. Gharama na mizunguko ya kusajili kila moja vingekula faida yote. Kwa mtu wa namna yangu naona alama ya biashara ina thamani zaidi, kwa sababu ni jina moja linalofunika kila kitakachotoka mkononi mwangu. Pambo litaigwa, lebo yenye jina langu ikiigwa, hapo nina karatasi. Mwenye pambo moja au mawili yanayomlisha mwaka baada ya mwaka, yeye asajili pambo.

Jambo linalowaponyoka wengi: mali ubunifu si jambo la Muungano. Cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa Bara, hakivuki bahari kuja Unguja na Pemba, na cha BPRA hakiteremki bandari ya Dar es Salaam. Kama nguo zako zinauzwa Mchangani hapa Unguja na Kariakoo ya Dar es Salaam, hesabu safari mbili.

Na mwizi wa tatu, anayeiga mkono, hana ofisi inayomzuia. Sheria inalinda mchoro uliochorwa, hailindi mtindo wala wazo. Edward Said Tingatinga alianza kuchora kwa rangi za kung'aa za mafuta Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki 1972, na leo huwezi kutembea Mji Mkongwe bila kukutana na tembo na ndege wa mtindo wake, waliochorwa na mikono ya watu wengine. Hilo limewalisha watu wengi na sioni ubaya. Vile vile karafuu, jahazi, mnyororo na yungiyungi za milango yetu ni za wote. Mtu akichora karafuu hajaniibia. Akichora punje zangu 11, zikiinama upande ule ule, na moja ina meno matano, hapo tuzungumze.

Kuripoti mtandaoni, au kumwendea mtu?

Kwa mwizi wa kwanza, ripoti. Instagram na Facebook ni za Marekani, na sheria yao ya 1998 ya hakimiliki za kidijitali inautaka mtandao uondoe kazi iliyolalamikiwa ipasavyo kama hautaki kuwajibika nayo. Fomu haina malipo, haidai wakili wala cheti cha COSOZA. Utatakiwa kuonyesha kazi yako ni ipi, kiungo cha picha iliyoibiwa, mawasiliano yako, na tamko kwamba unasema kweli na unaamini kwa nia njema kwamba picha ile imetumika bila ruhusa. Chukua picha ya skrini kabla hujaripoti, kwa sababu ikishaondolewa huna tena cha kuonyesha.

Kuna mawili ya kuyajua kwanza. Jina na barua pepe unayoiandika vinaweza kupelekwa kwa huyo uliyemripoti, basi fungua anwani ya biashara na usitoe ya nyumbani. Dada zangu wanaofanya kazi peke yao walizingatie hili sana. La pili, mwenzako anaweza kupinga kwa maandishi, na akipinga, picha inaweza kurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi usipofungua kesi. Ndiyo maana nasema ripoti inafaa kwa picha iliyochukuliwa kama ilivyo, ambayo hata mpingaji hana la kusema. Kwa mchoro uliochorwa upya na kubadilishwa rangi utaingia kwenye mabishano na mtu wa mbali asiyejua pindo wala mji.

Na biashara yetu nyingi haiko Instagram. Iko kwenye makundi ya WhatsApp, ambamo ujumbe umefungwa na hakuna msimamizi wa mtandao anayeuona, na iko madukani. Huko fomu haifiki. Huko unakwenda kwa miguu.

Nilikwenda kwa yule mwenye duka nikiwa na daftari langu na foronya yangu ndani ya mkoba wa ukili. Nilichagua saa ya alasiri, wateja wachache.

"Assalaamu alaykum, mzee."

"Waalaykum salaam, mwanangu. Karibu, tazama upendacho."

Nikamwomba anitolee ile ya karafuu. Nikaweka yangu pembeni, nikafungua daftari ukurasa wa penseli, nikamwonyesha punje ya meno matano kwenye daftari, kisha kwenye foronya yake. Alivua miwani, akaivaa tena. Akaita kijana wake alete foronya zilizobaki, wakazihesabu mbele yangu.

"Mimi nimeuziwa, mwanangu. Sikujua kama ina mwenyewe. Ungenijia kwa maneno ningekutoa, lakini hili daftari..."

Tulikubaliana auze zilizobaki na asinunue tena nyengine kwa mtu yule, na aliniambia zilichapwa wapi. Zilichapwa kwa fundi wangu. Skrini ya faili la kwanza, lenye kosa, ilikuwa imebaki kwake, mtu akaja akaipenda, fundi akamchapia. Baina yetu hapakuwa na karatasi yoyote, na yeye kwa mawazo yake skrini ni yake kwa kuwa yeye ndiye aliyeitengeneza. Sikuwa na hoja ya kumjibu siku ile isipokuwa kwamba mchoro ni wangu, na nilitoka pale nimechoka.

Hivyo katika kulinganisha yote haya, kitu kilichonisaidia zaidi ni daftari, na kitu kilichoniponza ni kutokuwa na nusu karatasi ya makubaliano. Sasa ninayo. Inasema mchoro ni wangu. Skrini nimezilipia na nitazichukua kazi ikiisha, au zitafutwa mbele yangu. Faili halipelekwi kwa mtu mwengine. Vipande vya majaribio na vilivyoharibika narudishiwa. Tunatia saini wawili, kila mmoja anabaki na nakala. Fundi mmoja alikataa kusaini, nikamshukuru nikaondoka na faili langu. Kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu wiki hii, na kazi zako zinachapwa na mtu mwengine, fanya hili kabla ya jina juu ya picha na kabla ya BPRA.

Kosa lile nalo nimeligeuza kuwa desturi. Kila ninayempelekea faili hupata lake, lenye alama ndogo isiyoandikwa popote isipokuwa kwenye daftari: huyu karafuu ya meno matano safu ya tatu, yule jani lisilo na mshipa wa kati, wa Instagram ncha moja fupi kuliko wenzake. Haimzuii mtu kuiba. Lakini nikiikuta foronya yangu mahali nisipoiuza, nitahesabu meno kwanza, na nitajua nianze kugonga mlango wa nani.